Vitabu Vinne kwa Mwezi Mmoja: Jinsi ya Kusoma Hadithi na Habari kwa Pamoja

Kwa kuwa watu wameshazoea kuniona na kitabu mkononi, naulizwa maswali yale yale kila mara. Nianze na kipi? Kwa mwezi nisome vingapi? Mbona nikifika ukurasa wa 30 naacha? Na lile linaloniudhi kidogo: riwaya si kupoteza muda, wakati kuna vitabu vya maana? Nimechoka kujibu mmoja mmoja nikiwa nimesimama kituoni nagombania daladala. Nimeandika majibu yote hapa, kwa hatua.

Kazi yenyewe ni hii. Ndani ya mwezi mmoja utasoma vitabu vinne: viwili vya kubuni na viwili vya mambo yaliyotokea kweli. Vitakwenda jozi kwa jozi, kila riwaya na mwenzake wa kweli anayegusa mahali pale pale au zama zile zile. Kwa mkato nitaviita hadithi na habari. Wazee wetu walioandika tarehe za miji na koo waliziita habari, kama Habari za Wakilindi, na mimi sioni sababu ya kutafuta jina jipya. Wasifu, tawasifu, historia, safari na insha, vyote naviweka kwenye fungu hilo la habari.

Swali la kupoteza muda sitalijibu. Fika wiki ya pili, utalijibu mwenyewe.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Vitabu vinne, na cha tano cha akiba, chembamba.
- Daftari dogo. Nusu ya kaunta buku inatosha.
- Penseli. Wino hapana, hasa kitabu kikiwa cha kuazima.
- Kamusi moja ya Kiswahili, ya TUKI au ya BAKITA, mradi iwe karibu.
- Taa isiyotegemea umeme wa ukutani. Umeme ukikatika saa mbili usiku na huna taa, siku hiyo umeipoteza.
- Vipande viwili vya karatasi ngumu vya kualamishia. Kukunja pembe ya ukurasa ni tabia mbaya, na anayekuazima vitabu anaiona.
- Kalenda ya ukutani. Usichague mwezi wa Ramadhani kama unafunga, wala Desemba kama nyumba yenu ndiyo inayopokea ukoo mzima.

Hatua ya 1: Pima mwendo wako

Watu wengi huiruka hatua hii, na ndiyo inayowaangusha. Chukua kitabu chochote cha hadithi, weka saa dakika 20, soma kama unavyosoma siku zote, kisha hesabu kurasa. Kesho yake fanya vivyo hivyo na kitabu cha habari. Usishindane na saa. Mimi kwenye riwaya napata kurasa 12 na kwenye historia 7, na nimesoma miaka mingi. Ukipata 5, huna ugonjwa wowote.

Sasa piga hesabu. Dakika 20 asubuhi na 20 usiku zinanipa kurasa 19 kwa siku. Zidisha kwa siku 26, si 30. Siku nne zinaachwa wazi makusudi, kwa sababu mwezi usio na msiba, mgonjwa, harusi wala mgeni aliyeteremka kwenye basi bila taarifa sijawahi kuuona. Kurasa 19 mara 26 ni 494: yaani 312 za hadithi na 182 za habari. Huo ndio mtaji wangu wa mwezi. Vitabu vikizidi hapo, ama naongeza dakika, ama nabadili kitabu. Kwa jozi ninazozitaja hapa chini ilinibidi usiku nifike dakika 35, ambazo kwangu ni kama kurasa 21, na hapo nikatosheka.

*Angalia:* usijiwekee lengo la idadi ya vitabu kabla ya kupima. Anayesema "nitasoma kumi mwezi huu" bila hesabu utamkuta tarehe 12 ameshaanza kukwepa mazungumzo.

Hatua ya 2: Chagua jozi, si vitabu vinne vilivyookotwa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye utamu.

Ukisoma riwaya ya mahali fulani leo, na wiki tatu baadaye ukasoma historia ya mahali pengine kabisa, kila kimoja kitakaa peke yake kichwani na kitafifia peke yake. Ukivisoma pamoja vitabu vinavyogusana, kimoja kinakumbusha kingine. Jina la mji ulilolipita haraka asubuhi unakutana nalo usiku likiwa na mtu ndani yake, ana njaa na anamdai mtu.

Jozi yangu ya kwanza ilikuwa ya misafara. Upande wa hadithi ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akaitafsiri kwa Kiswahili mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Nobel. Ni habari za kijana Yusuf, anayechukuliwa kwao na mfanyabiashara tajiri, na baadaye kupelekwa bara na msafara wake, katika miaka ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Upande wa habari ni maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili kabla ya kufa kwake mwaka 1905. Njia ni zile zile za kwenda bara kutafuta pembe za ndovu. Lakini mmoja anasimulia akiwa bwana wa msafara, mwenye bunduki na watu, na mwingine ni mtoto asiyejua kwa nini yumo safarini. Tippu Tip anahesabu pembe kwa frasila, na frasila moja ni kama kilo 16. Anahesabu kwa raha, kurasa kwa kurasa. Baada ya siku nne nilianza kujiuliza nani aliyezibeba, na usiku, kwenye riwaya, nikawaona.

Jozi ya pili niliichukua Unguja mjini. Kuli ya Adam Shafi, ya mwaka 1979, ni riwaya ya makuli wa bandarini, na mgomo wa 1948 umo ndani yake. Mwenzake ni Wasifu wa Siti binti Saad, alioandika Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba, akaja mjini, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Alifariki mwaka 1950, kwa hiyo makuli walipogoma alikuwa bado hai, kwenye mji ule ule. Hakuna kati ya vitabu hivi viwili kinachokwambia hivyo. Ni wewe utakayeviunganisha, na ukishaviunganisha havitoki kichwani. Wasifu wenyewe ni mwembamba. Nimeuweka wiki ya mwisho makusudi, wakati miguu imeshachoka.

Huna haja ya kufuata jozi zangu. Ukipenda upelelezi, ukipenda Mau Mau, ukipenda mpira, tafuta hadithi moja na habari yake. Kuna mkusanyo uitwao Safari za Wasuaheli, uliochapishwa na Carl Velten mwaka 1901, na ndani yake yumo Mswahili aliyefika Urusi na Siberia. Nani atakuandikia riwaya ya kukaa jozi na hiyo sijui, lakini ningeinunua siku hiyo hiyo.

*Makosa ya kawaida hapa:*

Kuchagua kitabu ili uonekane nacho. Kitabu kizito cha uchumi ulichokinunua kwa ajili ya picha ya jalada kitakulalia kifuani mwezi mzima.

Kudhani kitabu chembamba ni chepesi. Nagona ya Kezilahabi utaiweka kwenye mfuko wa koti, lakini imewatoa jasho waliokwisha kusoma riwaya nyingi. Isiwe ya kwanza.

Kuweka jozi zote mbili za huzuni. Fanya moja iwe na mwanga kidogo, la sivyo watu wa nyumbani watakuuliza una nini.

Hatua ya 3: Vitafute vyote kabla ya tarehe mosi

Vitabu viwili vya kwanza viwepo mkononi, na viwili vya pili ujue viko wapi. Anza na maktaba. Dar es Salaam ipo Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na mikoa ina za kwake. Kitabu kama cha Tippu Tip si rahisi kukipata dukani, kwa hiyo ulizia maktaba kwanza, na vyuo vikuu kama una mtu ndani. Nairobi kuna wauza vitabu vya mitumba wanaotandaza kando ya barabara, ambao watu wanawaita "inama", kwa kuwa usipoinama hununui. Nenda asubuhi, na nenda na jina la kitabu kwenye karatasi, maana rundo lile linasahaulisha.

*Angalia:* kabla ya kulipa, pekua kurasa zote. Mimi niliwahi kuuziwa riwaya iliyorudufiwa, ikaenda vizuri hadi ukurasa wa 112, kisha ikanirukisha mpaka 129. Kurasa 16 za katikati hazipo, na muuzaji naye nilipomrudia hayupo. Tangu siku hiyo napekua. Nakala za kurudufu na PDF zinazozagaa kwenye simu hazimpi mwandishi hata senti, na hilo peke yake lingetosha.

Hatua ya 4: Mpe kila mmoja saa yake

Habari asubuhi, hadithi usiku. Nimejaribu kinyume chake na sikupendezwa. Kitabu cha habari kinataka kichwa kilichopumzika: kina majina, miaka, na mtu anayejenga hoja ambayo ukisinzia katikati umeipoteza. Hadithi yenyewe inakuvuta, hata ukiwa umechoka.

Asubuhi maana yake ni kabla hujashika simu. Sisemi kabla ya sala wala kabla ya chai. Kabla ya simu. Ukiifungua "dakika moja tu" kuangalia saa, zile dakika 20 zimekwenda.

Anayesafiri mbali kwenda kazini anaweza kusoma njiani, akipata siti. Ukisimama usijaribu, nimeona kitabu kikidondoka dirishani pale Ubungo na mwenyewe akibaki anakitazama kikikanyagwa.

Hatua ya 5: Kila aina ina mlango wake wa kuingilia

Kitabu cha habari anza na dibaji, kisha yaliyomo, kisha ramani kama ipo, na hapo tu ndipo uende sura ya kwanza. Unataka kujua nani anasema, alikuwa wapi, na ana faida gani katika kusema hivyo. Mfano mdogo: Tippu Tip anaeleza kuwa jina lake limetokana na mlio wa bunduki zake. Wapo wengine waliosema ni kwa sababu alikuwa na tabia ya kupepesa macho. Mwenye jina amechagua bunduki. Kumbuka hilo kila anapokusimulia vita aliyoshinda. Kitabu kuwa cha kweli hakumwondolei msimulizi haja ya kujipamba.

Riwaya fanya kinyume: ruka dibaji. Dibaji nyingi za riwaya zetu, hasa zilizochapwa kwa ajili ya mashule, zinakwambia nani anakufa. Isome mwisho.

Halafu kuna ugonjwa wa darasani. Kama ulisoma riwaya kwa ajili ya mtihani, utajikuta ukitafuta dhamira, migogoro, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi, na jinsi jina la kitabu linavyosadifu yaliyomo. Acha. Hakuna atakayekusahihishia. Mhusika akikuudhi, udhika. Akikuchekesha, cheka kwa sauti. Kwa msomaji aliyetoka shule hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote za mwezi huu, na mimi ilinichukua miaka.

Kitabu kisipokuingia, kivumilie hadi ukurasa wa 40. Ukifika hapo na bado unajisukuma, kiweke, chukua kile cha akiba, na usiombe radhi. Ukifanya hivyo kwa vitabu viwili mfululizo ndani ya mwezi, rudi hatua ya 2, kwa sababu shida iko kwenye uchaguzi.

Hatua ya 6: Andika mistari mitatu kila usiku

Mitatu, si ukurasa. Wa kwanza: jambo moja kutoka kwenye habari. Wa pili: jambo moja kutoka kwenye hadithi. Wa tatu: neno moja geni, au swali. Daftari langu la mwezi ule, tarehe 6, linasema hivi:

"Habari: pembe zimehesabiwa, wapagazi hawana majina. Hadithi: Yusuf hakujua kuwa yeye ni rehani ya deni la baba yake, Khalil ndiye aliyemfumbua macho. Neno: frasila. Bibi alikuwa akilitumia kwa karafuu?"

Lile swali la bibi lilinipeleka kwa shangazi, na shangazi akanipa jioni nzima ya mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chochote. Kwa hiyo usiudharau mstari wa tatu.

*Angalia:* kamusi ifungue mwisho wa kikao, usiifungue kila neno. Piga kistari cha penseli chini ya neno, endelea, na ukimaliza ndipo utafute yale ambayo bado yanakusumbua. Nusu yake utakuwa umeshayaelewa kwa mazingira.

Hatua ya 7: Tarehe 15, fanya hesabu

Jozi ya kwanza iwe imekwisha au inakaribia. Kama umebakisha zaidi ya kurasa 60, usijidanganye kwamba utakimbia. Punguza: chukua habari fupi zaidi kwa jozi ya pili, au badala ya riwaya chukua mkusanyo wa hadithi fupi. Mwezi wa vitabu vitatu vilivyosomwa ni bora kuliko wa vinne vilivyopekuliwa.

Hatua ya 8: Msimulie mtu

Ukimaliza kila jozi, tafuta mtu mmoja umsimulie, dakika kumi, bila kitabu mkononi. Msusi, dereva wa bodaboda, mume, mwanao. Pale utakapokwama ndipo hukuelewa, na utajua hapo hapo. Mimi nilimsimulia fundi cherehani wangu kisa cha makuli, akanikatiza kunieleza babu yake alivyobeba magunia bandarini Tanga. Gauni lilichelewa wiki nzima.

Mambo yakienda mrama

*Nasinzia ukurasa wa tatu.* Unasomea kitandani. Kaa kwenye kiti. Ukisinzia na kwenye kiti, una uchovu wa kweli. Lala, na kesho sogeza kikao nusu saa mapema.

*Nachanganya wahusika.* Nyuma ya alamisho andika majina yao na neno moja kwa kila mmoja: baba, mdai, mpishi. Kwenye riwaya yenye ukoo mkubwa hii si aibu, ni lazima.

*Kiswahili cha kitabu ni kigumu, cha zamani.* Soma kurasa mbili za kwanza kwa sauti. Usimulizi kama wa Tippu Tip unakwenda kama mazungumzo, na sikio litashika kitu ambacho jicho limekikosa. Kama umekulia bara na msamiati wa Unguja unakupiga chenga, vumilia kurasa 20. Maneno yenyewe hayo hayo yanajirudia.

*Nimeachwa nyuma siku tano.* Nne zilikuwa zako tangu mwanzo, kwa hiyo unadaiwa moja. Usijaribu kuilipa kwa usiku mmoja wa kurasa 60. Ongeza dakika 10 kwa siku nne.

*Habari inanichosha, nataka kuendelea na riwaya tu.* Inatokea karibu kila mwezi, kati ya tarehe 8 na 12. Ruhusu siku mbili za hadithi asubuhi na usiku. Siku ya tatu rudi. Ukikuta bado hutaki, fungua sura ya katikati ya kitabu cha habari badala ya kufuata mpangilio; vitabu hivi, tofauti na riwaya, vinavumilia kuingiliwa dirishani.

*Nasoma kwenye simu, ni sawa?* Ni sawa, lakini zima bando kwanza. Na usiku punguza mwanga.

*Watu wa nyumbani wanalalamika kuwa nimekuwa bubu.* Soma kwa sauti kurasa mbili kila usiku kwa yeyote aliyepo. Kuli inasomeka vizuri kwa sauti. Nyumbani kwangu walianza kwa kunikejeli, na wiki ya tatu nilipochelewa kurudi nikakuta wameendelea bila mimi, wamefika mbele ya alamisho yangu kwa kurasa 31, na hakuna aliyekubali kunisubiri.